Kitufe cha Kijani

Yu Chia-pin, ambaye mjini Tainan hakuna aliyemwita kwa jina hilo lote isipokuwa polisi, wengine wakimwita A-Pin tu, alikuwa na jambo moja la kujivunia: alikuwa amefika miaka arobaini na ushee bila kuajiriwa hata siku moja. Msije mkadhani A-Pin alikuwa mvivu, hasha! Mvivu hawezi kuuza kwa simu dhamana ya mashine za kuchuja maji, tena kwa watu wasio na mashine hizo. Hiyo inataka mtu wa kukaa na simu sikioni tangu asubuhi, abembeleze, alie kidogo, aape kwa jina la mama yake. Wengi walilipa. Alikuwepo bibi mmoja tu aliyemshinda, ambaye kila wiki alimshika kwa maneno saa nzima, akacheka mpaka akapaliwa, kisha akakata simu bila kutoa hata senti. A-Pin aliendelea kumpigia tu, hata mwenyewe hajui kwa nini. Jasho, basi, alilitoa kama watu wengine. Ila kupangiwa saa za kuingia na kutoka, kuitika "ndiyo bosi," kupewa bahasha mwisho wa mwezi kama mtoto anayepewa pipi, hiyo kwake ilikuwa fedheha, na alikuwa ameapa atakufa bila kuionja.

Biashara ya dhamana ilipoharibika, maana polisi nao wana simu, A-Pin alibaki na ndoto moja. Apate windo moja la maana, achomoke kwenda kisiwa cha Penghu, afungue kinyumba cha wageni, akae kibarazani akiwadanganya watalii kwa kujiburudisha tu. Windo moja. Hakuwa mtu wa tamaa.

Jioni hiyo alikuwa kwenye mgahawa wa supu ya bata, akinywa taratibu sana kwa sababu bado alikuwa hajajua nani atamlipia. Meza ya nyuma mtu alikuwa analalamika kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

"Nimechoka na hawa watoto wa vyuo!" mtu huyo alikuwa anamwambia mwenye mgahawa. "Mmoja kaja na programu ya simu ya kuagiza maua. Namuuliza, umeongea na wauza maua? Ananitazama kama nimemtusi baba yake. Mwingine kaja na programu ya kumkumbusha mtu kunywa maji. Jamani, kiu ipo ya nini?"

A-Pin aligeuka kidogo, kama mtu anayetafuta kijiti cha kuchokolea meno. Aliona tumbo la heshima, shati la gofu, saa nzito, na vidole vyenye weusi wa grisi ambao hauwezi tena kutoka kwa sabuni. Huyo alikuwa Mzee Shih, mwenye kiwanda cha skrubu. Skrubu zake zilikuwa zimeshikilia nusu ya vitu vya kisiwa kizima, na sasa, kama matajiri wenzake wa gofu, na yeye alitaka kumiliki programu ya simu.

"Kuna mwalimu kwenye semina alisema neno, likanikaa," Mzee Shih aliendelea. "Usitengeneze kitu kabla hujawasikiliza watakaokitumia. Wala usiwaulize kama wanakipenda, maana watu wana adabu, watakwambia wanakipenda, halafu hawatakigusa. Kaa nao. Tazama wanavyohangaika. Sasa mimi namtaka mtu wa namna hiyo. Msikilizaji! Yuko wapi? Hayupo!"

Loo! A-Pin alisimama na bakuli lake, akaenda kukaa mbele ya mzee bila kukaribishwa.

"Samahani, mzee wangu. Sikuwa nadaka maneno ya watu. Ila kusikiliza ndiyo kazi yangu." Neno "kazi" lilimkwaruza kooni, akalisukuma na supu.

"Unasikiliza nini?"

"Watu. Huu mwezi wa ngapi sijui. Sijaandika hata mstari mmoja wa programu."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu, na tulitunze vizuri, kwa sababu hatutapata lingine karibuni.

"Na umesikia nini?" aliuliza Mzee Shih.

A-Pin hakuwa amesikia kitu. Lakini watu wa aina yake riziki huwafuata mpaka mezani. Nje, barabarani, ulisikika ule muziki mwembamba wa kengele wa lori la taka, unaowaita watu walete mifuko yao wenyewe, na mlango wa jirani ukafunguka kwa kishindo. Akatoka mwanamke na mifuko mikono yote miwili, kandambili mguu mmoja, mwingine peku, povu la shampuu kichwani, akilikimbilia lori huku akipiga kelele lisimame.

"Hilo," alisema A-Pin, akinyoosha kijiko. "Mji mzima unakimbia, mzee. Mtu anakaanga samaki, muziki unalia. Mtu yuko chooni, muziki unalia. Ukiweka mfuko chini, faini. Ukilikosa lori, unalala na vichwa vya kamba chumbani. Sasa weka kitufe kimoja kwenye simu. Unabonyeza, mtu anakuja mlangoni, anachukua mfuko, anaupeleka. Wewe endelea na povu lako."

Mzee Shih aliweka kijiko chini, akamtazama. A-Pin alimtazama yeye kwa macho ya unyenyekevu, yale aliyokuwa akiyatumia kwa wajane.

"Uchochoro wa Chumvi unaujua?" mzee aliuliza. "Wamejaa wazee wabishi kule. Mwalimu alisema anza na mteja mgumu. Kuna Bibi Lo, wa mlango wa bluu, nasikia hakuna mtu aliyewahi kumuuzia chochote. Huyo akikibonyeza kitufe chako kila siku, mwezi mzima, kwa hiari yake, mimi nakuja mwenyewe pale mlangoni na begi lako."

"Begi," alisema A-Pin.

"Begi zima. Ila sasa hivi sitoi kitu. Mimi skrubu nalipa ikishakazwa."

Wala A-Pin hakuuliza begi la nini. Angeuliza vipi, wakati tayari alikuwa ameshalibeba, ameshapanda boti, na kule Penghu ameshachagua rangi ya mapazia? Mzee alilipia supu zote mbili, wakaagana kwa kuinamiana kama watu wenye heshima zao.

*

Programu yenyewe A-Pin aliitengeneza mchana mmoja, kwa kiolezo cha bure. Ilikuwa na ukurasa mmoja, na kwenye ukurasa kitufe cha kijani, na nyuma ya kitufe hapakuwa na kitu. Ukibonyeza, simu ya A-Pin inalia. Huo ndio ulikuwa mfumo wote, na kwa kuutazama alijisikia fundi.

Jioni ya kwanza aliingia Uchochoro wa Chumvi wakati watu wameshajipanga mdomoni mwa uchochoro, kila mmoja na mifuko yake mkononi, wakisubiri lori na kusengenyana. Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Kizingitini, juu ya kigoda, alikaa bibi mfupi mwenye magoti yaliyofungwa bandeji na ndoo ya masalia ya jikoni miguuni. Kigoda chenyewe kilikuwa na skrubu nyingi kuliko mbao.

"Wewe wa bima au wa dini?" aliuliza Bibi Lo kabla hajasalimiwa.

"Wala, bibi yangu. Nimekuja kukusikiliza."

"Kusikiliza nini?"

"Unavyohangaika."

"Nahangaika na watu wanaonizibia upepo mlangoni."

A-Pin alicheka kwa adabu, akachutama, akachukua simu ya bibi na kumwekea kile kitufe, huku maneno yakimtoka kama maji ya bomba. Bibi alimsikiliza, kichwa kimeinama upande. Ungedhani anajaribu kukumbuka wimbo.

"Sema tena hapo kwa mama yako," alisema.

"Nasema naapa kwa jina la mama yangu, bibi, ukibonyeza hapa hutainuka tena kwenye hicho kigoda."

"Mh. Na nikibonyeza anakuja nani?"

"Mfumo."

"Mfumo una miguu?"

"Una watu, bibi. Watu waliofundishwa."

Bibi Lo akabonyeza. Mfuko wa suruali ya A-Pin ukalia.

"Kunalia mfukoni kwako," alisema bibi.

"Aa, huyo ni mama. Ananipigiaga jioni."

"Mpokee basi. Mama hasubirishwi."

Angefanya nini? A-Pin aliweka simu sikioni. "Halo, mama. Ndiyo, mama. Nimekula, mama." Bibi Lo, bila kubandua macho usoni pake, alibonyeza tena, na simu ikalia palepale sikioni, katikati ya salamu, nusura imtoboe ngoma ya sikio. A-Pin aliruka. Bibi alibonyeza ya tatu.

"Mama yako ana haraka leo," alisema. Kisha, kwa utulivu wa mtu aliyemaliza mambo yake, alimsukumia ndoo ya masalia kwa mguu. "Mfumo utachelewa, naona. Hebu nipelekee wewe."

Ndivyo A-Pin, aliyekuwa hajawahi kubeba mzigo wa mtu, alivyojikuta amesimama kwenye foleni ya Uchochoro wa Chumvi na ndoo ya maganda na mifupa ya samaki, akijiambia ni leo tu.

*

Kesho yake kitufe kililia saa ya lori. Keshokutwa kililia saa ya lori na asubuhi pia.

"Bibi, asubuhi hakuna lori," alisema A-Pin, akihema mlangoni.

"Najua. Taa ya jikoni imekufa."

"Kitufe ni cha taka, bibi."

"Wewe si ulikuja kunisikiliza ninavyohangaika? Nahangaika na taa."

Alipanda juu ya kigoda akabadilisha taa. Siku iliyofuata ilikuwa chupa ya achari isiyofunguka. Kisha dagaa wakavu wa sokoni, wa mama fulani tu, si wa mwingine. Kisha kuonja mchuzi, kwa sababu ulimi wa bibi ulikuwa umechoka na chumvi hauijui tena. A-Pin alihamia chumba cha kupanga ng'ambo ya uchochoro, maana kukimbia kutoka upande wa pili wa mji kulikuwa kunamtoa roho. Kila akitaka kugoma alilikumbuka begi, akajiambia kwamba ndivyo wanavyofanya wenye kampuni kubwa, wanamlea mteja wa kwanza kama yai. Na Mzee Shih alipompigia kuuliza habari, alimjibu kwa majivuno: "Mteja anatufundisha, mzee. Tunaongeza vipengele."

"Safi sana," Mzee Shih alisema. "Msikilize."

Kipengele kilichomuumiza zaidi kilikuwa majong. Mchezo ule wa vigae unataka watu wanne, na mezani kwa Bibi Lo walikuwa wamebaki watatu: yeye, Mama Chiu wa nyumba ya pili, na Mzee Hung aliyekuwa kinyozi. Wa nne alikuwa amehamishiwa kwa mwanawe Taipei, na tangu siku hiyo vigae vilikuwa kabatini. Bibi Lo alibonyeza kitufe, A-Pin akaja, akaonyeshwa kiti.

Hapo moyo wake ulichangamka. Vizee vitatu na yeye! Alificha kigae kimoja kwenye mkono wa shati, kwa ustadi, kama alivyozoea. Alipokihitaji akakuta hakipo. Mama Chiu alikuwa nacho.

"Mama Chiu, hicho kigae umekitoa wapi?"

"Ulikotaka kukitoa wewe, baba," alijibu Mama Chiu, akikiweka mezani. Mzee Hung alicheka mpaka meno ya bandia yakacheza.

Hapo mezani ndipo Bibi Lo alipozungumza. Alizungumza kila siku, na mengi yalikuwa yaleyale. "Mwanangu anauza vyuma. Kanijengea nyumba huko, ina lifti, jirani wa karibu ni mbwa. Nimekataa. Akaniletea wahudumu. Wa kwanza ananisemesha kama kitoto kichanga: tumekunywa dawa yetu? Wa pili analala kuliko mimi. Wa tatu nikicheka tu ananipima presha. Nimewafukuza wote. Mimi sitaki kutunzwa! Nataka mtu wa kubishana naye." A-Pin aliitika "mh, mh," huku anatafuta kigae chake, na yule msikilizaji mkuu wa mji wa Tainan hakusikia neno hata moja.

Siku zilivyokwenda, kuna jambo lilimtokea ambalo hakulipenda. Muziki wa lori ukianza tu, popote alipo, miguu ilikuwa inainuka yenyewe.

Jioni moja muziki ulianza, A-Pin akainuka, akatazama simu. Kimya. Lori likakaribia, watu wakatoka, Mama Chiu huyo, Mzee Hung huyo. Simu kimya. Alijiambia bibi kalala. Akajiambia kama hakubonyeza leo, mwezi umeharibika na begi limekwenda. Lakini tuseme ukweli, kwa kuwa yeye hausemi: alipovuka uchochoro alikuwa anakimbia, na kichwani begi halikuwemo.

Alimkuta sakafuni jikoni, amekaa katikati ya magamba ya samaki, goti limevimba, midomo imepauka.

"Mbona hukubonyeza?" A-Pin alipiga kelele. "Mbona hukubonyeza, bibi?"

"Simu iko juu ya meza, zoba wewe. Nibonyeze kwa ulimi?"

Sauti yake ilikuwa inatetemeka. A-Pin alipata hofu ambayo hajawahi kuipata hata alipofukuzwa na polisi sokoni. Alimbeba mgongoni, akatoka naye hivyohivyo mpaka zahanati ya barabara kubwa, huku bibi akimwelekeza njia ya mkato na kumlaumu kwamba anatikisa. Hakuvunjika. Walimfunga, wakampa dawa, wakamrudisha.

Usiku huo hakukimbilia kitandani. Kesho yake alikwenda dukani akanunua kengele ya mlango, ile isiyo na waya. Kitufe chake alikitia kamba, akakipaka rangi ya kijani, akamvika Bibi Lo shingoni. Kengele yenyewe akaitundika chumbani kwake, juu ya mto.

"Nani kakuomba hiki?" aliuliza Bibi Lo.

"Hakuna."

Bibi alikigeuzageuza kile kitufe. Hakusema asante, maana hakuwa na desturi hiyo, ila jioni ile alimwachia A-Pin shavu la samaki, sehemu tamu kuliko zote, ambayo Mama Chiu alikuwa akiililia miaka na miaka.

*

Mwezi uliisha. A-Pin alinyoa ndevu, akavaa shati lake la wajane, akamketisha Bibi Lo kigodani na kumpanga.

"Atakuja bosi mmoja, bibi. Atakuuliza kama kitufe kinakufaa. Wewe mwambie ukweli tu."

"Ukweli?"

"Kidogo."

Mzee Shih alifika kwa miguu, gari ameliacha barabara kubwa, na mkononi begi jeusi, limenona. A-Pin alitaka kuwatambulisha, lakini bibi alimtangulia.

"Teng-fa," alisema, "vua viatu, pamepigwa deki."

"Ndiyo, mama," alijibu mfalme wa skrubu, akavua.

A-Pin alimtazama huyu, akamtazama yule. Alitazama kigoda. Alitazama kabati, rafu, meza ya majong, kila kimoja kimekazwa skrubu za kutosha meli.

"Mnajuana?" aliuliza.

"Nimemzaa," alisema Bibi Lo. "Tena kwa taabu, kichwa kile unakiona."

Mzee Shih alikaa chini, akaliweka begi magotini. "Kijana, usikasirike. Miaka mitatu nahangaika na huyu mama. Nilimuuliza, unataka mtu wa namna gani? Anasema hataki mtu. Basi nikakumbuka maneno ya yule mwalimu: usiulize, tazama. Nikawa nakuja, nakaa pale kwenye kona, namtazama. Na nikagundua kwa wiki anacheka mara moja tu. Unajua lini?"

"Sijui."

"Akipigiwa simu na tapeli wa dhamana ya mashine za maji."

Bibi Lo alikuwa anashughulika na uzi wa bandeji yake.

"Wewe ndiye yule bibi," alisema A-Pin.

"Na wewe ndiye yule mwongo," alisema Bibi Lo. "Sauti yako nimeijua siku ya kwanza, ulipoapa kwa jina la mama yako. Maskini huyo mama, kaapiwa kuliko miungu. Halafu ukaacha kunipigia. Wiki ya kwanza nikasema anaumwa. Wiki ya pili nikasema kafungwa. Nikawa sina raha."

"Nikakutafuta," alisema Mzee Shih. "Haikuwa shida, mjini wote wanakujua, nusu wana hasira na wewe. Nikaenda kulalamika palipo na masikio yako. Ningekuja na tangazo la ajira ungenikimbia kama ukoma. Ilibidi uje kunitapeli."

Maisha yake yote A-Pin alikuwa amewauzia watu vitu visivyokuwepo, na sasa alikuwa ameuzwa yeye, mzima mzima, na miguu yake yote miwili. "Kwa hiyo ile programu..."

"Programu gani?" alisema Mzee Shih. "Programu ni wewe, bwana. Na mteja ameridhika." Akafungua begi. Ndani mlikuwa na mkataba wa kazi wenye mihuri, kofia mbili, na koti la mvua. "Mshahara kila mwisho wa mwezi. Jumapili mapumziko. Bima ya afya imo."

"Bima ya afya," A-Pin alinong'ona.

"Na kiinua mgongo."

Daktari akikuletea majibu mabaya huwa unakaa. A-Pin hakukaa. Alisema maneno ambayo hatutayaandika, akalipiga begi teke, akavuka uchochoro, akakusanya nguo zake mbili na kutoka. Nyuma yake bibi hakumwita. Hilo lilimuuma kuliko mkataba.

*

Kituoni alikata tiketi ya basi la kwenda bandarini, akakaa nje kwenye benchi na hasira zake. Angekwenda Penghu hivyohivyo, mikono mitupu. Angeanza na watalii wadogo wadogo. Kuajiriwa! Yeye! Na saa za kuingia, na kofia!

Basi halikuwa limefika ulipoanza muziki wa lori, mtaa wa pili. Ng'ambo ya barabara mzee mmoja alitoka dukani kwake na mifuko miwili, akachechemea, akasimama kupumua. A-Pin aligeuza uso. Aliposhtuka alikuwa ameshavuka barabara, mifuko ya yule mzee mikononi, anakimbia, anapiga kelele, "Ngoja, dereva, ngoja!" Alitupa mifuko, lori likaenda zake, akabaki katikati ya watu asiowajua, mikono inanuka maganda ya kitunguu. Alimlaani Mzee Shih. Akamlaani yule mwalimu wa semina, popote alipo.

Simu ikalia. Kitufe cha kijani. Akaiacha. Ikalia tena. Ikalia ya tatu, haraka haraka, kama siku ile ya kwanza, na A-Pin akajikuta anacheka peke yake barabarani kama mwehu, na macho yamemlowa.

Akampigia yeye. "Halo, mama," alisema.

"Uko wapi?" alisema Bibi Lo. "Vigae vimeshapangwa. Mama Chiu anasema umekimbia kwa kuogopa kushindwa."

"Mwambie Mama Chiu ni mwizi. Na mwambie mwanao ule mshahara ni matusi."

"Nimeshamwambia. Nimemwambia bila nyongeza hurudi, na usiporudi, mimi sili. Kapiga magoti. Anaongeza."

"Umemwambia huli?"

"Nakula hapa naongea na wewe." Kweli alikuwa anatafuna. Kisha akashusha sauti. "Ila nusu ya nyongeza ni yangu. Na Teng-fa asijue."

A-Pin aliondoa simu sikioni, akaitazama kwa heshima ambayo hajawahi kumpa mtu yeyote katika fani ya utapeli. Kisha akairudisha. "Robo," alisema.

"Nusu. Na dagaa, pitia sokoni, kwa yule yule mama."

Tiketi alimuuzia mwanafunzi mmoja, kwa bei ya juu kidogo, akimwambia ndiyo ya mwisho.

Siku hizi ukimkuta A-Pin kwenye supu ya bata, atakuinamia sikioni akuambie siri: yupo tajiri mmoja wa skrubu, bwege kabisa, yeye A-Pin anamchomoa hela kila mwisho wa mwezi kwa kazi ya kubishana na kikongwe. Windo la maisha, atasema, wala hajashtuka! Mzee Shih naye kwenye gofu anawaeleza wenzake jinsi alivyomsikiliza mteja akatengeneza kitu ambacho kinatumika kila siku, na wenzake wanamwonea wivu, maana programu za kwao hakuna anayezigusa. Bibi Lo hamwambii mtu. Anamaliza samaki wake, anafuta vidole, anabonyeza.